Maswali na Majibu: Shule, skuli, école

Wiki chache zilizopita nilieleza kwenye safu hii kwamba neno "hela" limetokana na Heller, sarafu ndogo ambayo Wajerumani waliileta Afrika Mashariki mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja. Tangu siku hiyo barua hazijakatika, na nyingi zinauliza neno jingine la wakati ule ule: shule. Nimechagua chache zinazopanua mambo. Zilizofanana nimejibu moja kwa niaba ya zote.

Mimi ni mwalimu wa darasa la nne, Muheza. Wanafunzi waliniuliza kama "shule" ni neno la Kiswahili au la kizungu. Niliwaambia ni Kiswahili, lakini nilirudi nyumbani nikiwa na wasiwasi. Je, niliwadanganya?

Hukuwadanganya, mwalimu. Shule ni Kiswahili kama vile meza ni Kiswahili, ingawa meza tuliipokea kwa Wareno na shule tumeipokea kwa Wajerumani. Wao wanaandika Schule, na ukimsikia Mjerumani akilitamka utaona tofauti ni ndogo sana: u yao inavutwa kidogo na ile e ya mwisho inafifia.

Na mkoa wako ndio penyewe. Serikali ya Kijerumani ilifungua shule yake mjini Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Ilihitaji makarani, wakalimani na watu wa kukusanya kodi, na masomo yakatolewa kwa Kiswahili. Vijana waliohitimu wakapelekwa bara kufanya kazi za serikali na kufundisha, wakaenda na Kiswahili chao cha pwani, na ndani yake neno hili jipya.

Sura ya neno nayo ilisaidia. Schule ina silabi mbili, zote zinaishia kwa irabu, sauti "sh" tulikuwa nayo tayari. Halikuhitaji kukarabatiwa popote. Likaingia moja kwa moja kwenye ngeli ya I-ZI, shule hii, shule hizi, likakaa kana kwamba lilizaliwa hapa. Waambie wanafunzi wako jibu lako lilikuwa sahihi, kisha waongezee kwamba neno hilo limetembea sana kabla ya kufika Muheza. Majibu yanayofuata unaweza kuwasomea.

Assalamu alaykum. Sisi Unguja tunasema skuli. Nilipohamia Dar es Salaam nilichekwa kazini, nikaambiwa nasema Kiingereza kilichovunjika. Sahihi ni lipi?

Waalaykumu salaam. Sahihi ni yote mawili, na waliokucheka hawakujua wanachokicheka. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani ziliwekeana mkataba: Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Mwingereza, bara ng'ambo yake ikabaki kwa Mjerumani. Upande mmoja wa mkondo wa bahari watu wakasikia "school", upande wa pili wakasikia "Schule". Skuli na shule ni ndugu wa baba mmoja waliolelewa katika nyumba mbili. Hakuna aliyevunjika. Vibao vya serikali Zanzibar vimeandikwa skuli mpaka leo, na ndivyo inavyopasa.

Ila usidhani neno hufuata bendera kila mara. Kenya ilitawaliwa na Mwingereza na bado wanasema shule. Rwanda na Burundi Mjerumani aliondoka mwaka 1916, wakaja Wabelgiji na Kifaransa chao, lakini Mnyarwanda anasema ishuri na Mrundi anasema ishure. Hiyo ni Schule ile ile, imevishwa kiambishi cha mbele.

Niko mwaka wa pili chuo kikuu, Nairobi. Nimeona mtandaoni eti neno "school" kwa Kigiriki lilimaanisha starehe. Hii ni kweli ama ni porojo?

Ni kweli, lakini neno "starehe" linapotosha kidogo. Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu ndipo utamu wote ulipo.

Neno la asili ni la Kigiriki cha kale: skhole. Mzizi wake ni wa kushika, kuzuia. Skhole ulikuwa muda ulioshikiliwa usiliwe na kazi, muda ambao mtu hajatumwa na yeyote wala hafukuzwi na njaa. Ukitaka kulitafsiri, Kiingereza kinahangaika, Kifaransa kinahangaika. Kiswahili kinalo neno lake tayari, na nadhani ni bora kuliko yao yote: nafasi.

Fikiria tunavyolitumia. "Leo sina nafasi" maana yake shughuli zimenibana, sina muda. "Kaa hapa, nafasi ipo" ni mahali. "Amepata nafasi chuo kikuu" ni fursa ya kusoma. Neno moja linabeba muda huru, mahali na fursa, na asili yake ni Kiarabu, mzizi ule ule wa pumzi na nafsi. Mwenye nafasi ni mtu anayeweza kupumua. Skhole ya Wagiriki ilipita njia hiyo hiyo. Kwanza ilikuwa muda huru. Kisha ikawa kile ambacho mtu huru anakifanya na muda huo, yaani kuzungumza, kuhoji, kubishana kwa hoja. Kisha yakawa mazungumzo yenyewe, mhadhara. Kisha kundi la watu wanaomfuata mwalimu mmoja. Mwisho ikawa mahali wanapokutana. Warumi walilipokea likiwa limefika huko, wakaliandika schola, na kutoka kwao likasambaa Ulaya nzima.

Kwa Wagiriki nafasi ndiyo ilikuwa jambo lenyewe, na kazi ilitajwa kwa kuikanusha. Walichukua skhole wakatanguliza a- ya kukana, wakapata askholia: kukosa nafasi, yaani shughuli. Warumi nao walifanya vivyo hivyo kwa neno lao otium, muda huru, wakapata negotium, biashara. Ndiyo negocio ya Wahispania leo. Aristotle aliandika kwamba tunajinyima nafasi ili hatimaye tuwe nayo, kama vile watu wanavyopigana vita ili wapate amani. Kwa Kigiriki sentensi yake inacheza na mzizi huo huo mara mbili.

Lazima niseme na upande wa pili, maana bila huo hadithi inakuwa ya uongo. Nafasi ya mwanamume huru wa Athens ilitoka mgongoni mwa wengine: watumwa waliolima na kuchimba madini, wanawake waliobaki ndani. Hata mtoto aliyekwenda kusoma alisindikizwa na mtumwa aliyembebea vitu na kumsubiri. Mtumwa huyo aliitwa paidagogos, mwenye kumwongoza mtoto, na kutoka kwake tumepata neno pedagojia. Yeye mwenyewe skhole hakuwa nayo.

Kila nikilifikiria neno hili nakumbuka shule yangu ya msingi. Tulifika na kidumu cha maji mkono mmoja na fagio mkono wa pili, tukafanya usafi wa eneo kabla jua halijachomoza vizuri. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na kiranja aliigonga kwa kipande cha nondo. Nyumbani nilikuwa mtoto wa kutumwa: dukani, kisimani, kwa jirani kuazima pakacha. Rimu ile ikigongwa, hakuna aliyeweza kunituma tena mpaka saa nane. Mama mwenyewe alikuwa anasema, "Mwache, yuko shule." Sikujua Kigiriki, lakini maana ya skhole nilikuwa nimeielewa mwilini mwangu. Na ninapoona mtoto wa miaka tisa anauza karanga stendi saa nne asubuhi, najua hasa alichonyang'anywa.

Ndugu mwandishi, mimi niko Lubumbashi. Huku tunasema "batoto banaenda ku masomo". Wengine wanasema école, kwa sababu ya Kifaransa. Hiyo école inafanana na shule wapi? Na masomo yetu ni makosa?

Nianze na école. Weka herufi zake pembeni ya Kihispania escuela na Kireno escola, utaanza kuona. Watu waliosema Kilatini cha mitaani huko magharibi walipata tabu kuanza neno kwa "sk" au "st", kwa hiyo wakatanguliza irabu: schola ikawa iscola, escola. Kifaransa cha kale kilikuwa escole. Baadaye Wafaransa wakaacha kuitamka ile s, na alama iliyowekwa juu ya é ni kama kovu la mahali ilipokuwa. Hali ni hiyo hiyo kwa étoile, nyota, mbele ya Kihispania estrella, na étude mbele ya Kireno estudo.

Lakini angalia daftari la mtoto wako wa Lubumbashi: mwaka wa masomo unaitwa année scolaire. S imerudi! Ni kwa sababu scolaire halikupita mitaani. Wasomi walilichukua vitabuni, kutoka Kilatini kilichoandikwa, na vitabu havikupoteza s yao. Lugha moja, mzizi mmoja, njia mbili.

Na masomo yenu si makosa hata kidogo. Mmelipa jina jengo kwa kazi inayofanyika humo. Waganda wamefanya hivyo hivyo, wanaiita essomero, mahali pa kusomea. Waturuki walipoisafisha lugha yao katika miaka ya 1930 waliliacha neno la Kiarabu mektep wakaunda okul, kutoka kitenzi chao cha kusoma, oku-. Mlio wa école ya Kifaransa nao ulichangia kulipendelea. Mektep waliyoiacha ina undugu na maktaba yetu.

Mjukuu wangu, mimi ni mzee wa Lamu. Nimesoma mnavyosema shule ililetwa na Mjerumani, kama kwamba kabla yake hatukusoma. Sisi tulikuwa na chuo. Mbona hamkitaji?

Shikamoo, babu. Umenikosoa kwa haki, na nakushukuru.

Kabla ya Schule na school, pwani ilikuwa na chuo, na mtoto alipelekwa chuoni kwa mwalimu wake kujifunza Kurani. Na neno chuo lina safari yake mwenyewe, ya kupendeza kuliko ya skhole kwa namna fulani. Katika Kiswahili cha kale chuo ni kitabu. Utenzi mrefu wa vita vya Tabuk, ambao nakala yake ya Pate ni ya mwaka 1728, uliitwa Chuo cha Herekali, yaani kitabu cha Herekali, mfalme wa Warumi wa mashariki. Mfalme huyo alitawala watu waliosema Kigiriki, lugha iliyozaa neno tunalolijadili.

Kwa hiyo Wagiriki walianza na muda, ukawa mahali. Waswahili walianza na kitabu, kikawa mahali. Mwanachuoni bado ni mtu wa vitabu, awe amepita darasani au hajapita. Waarabu walianza na tendo lenyewe la kusoma, d-r-s, wakapata madrasa, nasi tukachukua na darasa. Leo chuo kimepanda cheo, kimekuwa chuo kikuu, na shule imeachiwa watoto. Naona tulitenda vyema kuliweka neno letu juu.

Naishi Finland, nafanya kazi ya uuguzi. Mwanangu anasoma "koulu". Nimezoea kwamba Kifini hakifanani na kitu chochote, lakini hili nalo linatoka kwa Wagiriki?

Ndiyo, dada, nalo limo. Wafini walilipata kwa majirani zao Waswidi, wanaosema skola. Sasa, maneno ya asili ya Kifini hayapendi kuanza na konsonanti mbili. Mhispania akiona "sk" anatanguliza irabu. Sisi huwa tunachomeka irabu katikati, ndiyo maana tuna buluu na kilabu. Mfini anatupa ya kwanza na kubaki na ya mwisho. Skola ikabaki kola, ikalainika ikawa koulu. Sikiliza majina mengine utakuta tabia hiyo hiyo: ufuko wa bahari kwa Kiswidi ni strand, kwa Kifini ranta. Mji wa Stockholm wanauita Tukholma. Waestonia ng'ambo ya maji wanasema kool.

Wengine haraka haraka: Wahungaria wametanguliza i, wakapata iskola. Wapoland szkoła, Wacheki škola, Warusi shkola, Waromania școală, Waalbania shkollë. Wairishi scoil. Wawelshi ysgol, na hao wana jambo la kuchekesha watoto, kwa sababu ysgol ni shule na ysgol hiyo hiyo ni ngazi ya kupandia. Ya kwanza ni schola ya Kilatini, ya pili ni scala, ngazi. Zimetoka mbali zikakutana kwenye sauti moja.

Wapo waliokataa. Walituania wanasema mokykla na Wabulgaria uchilishte, na yote mawili yametokana na vitenzi vyao vya kufundisha na kujifunza. Wako upande wa Waganda na ndugu yetu wa Lubumbashi.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Mombasa, na baba yangu ni mvuvi. Kwa Kiingereza kundi la samaki linaitwa "school". Samaki wanasoma nini?

Swali zuri, mwanangu, na linaonyesha una macho. Samaki hawasomi. Hilo ni neno jingine kabisa lililovaa nguo inayofanana. Limetoka Kiholanzi cha kale, schole, yaani kundi, kikosi, na mzizi wake ni wa kugawanya, sehemu iliyotengwa na nyingine. Waingereza wana na "shoal", ambalo nalo hutumika kwa kundi la samaki. Kigiriki hakihusiki. Ukiona maneno mawili yanafanana tahajia, usiyaite ndugu mpaka umeuliza wazazi wao.

Nilibahatika kwenda Venice kikazi. Kuna jengo kubwa linaitwa Scuola, nikalipa kiingilio nikitarajia kuona madarasa ya zamani. Hakukuwa na hata dawati moja, ni picha tu ukutani na darini. Waliniuzia nini?

Walikuuzia kitu cha thamani, na nafurahi uliingia. Ninavyodhani ilikuwa Scuola Grande di San Rocco. Chama chake kilianzishwa mwaka 1478, na picha ulizoziona nyingi ni za Tintoretto, aliyeanza kuchora humo mwaka 1564 na kuendelea kwa zaidi ya miaka ishirini.

Scuola ya Venice ilikuwa chama cha watu wa kawaida, si mapadri, waliounganishwa na mtakatifu wao, kazi yao au asili yao. Walichangishana, wakazikana, wakasaidia wajane, wagonjwa na mabinti wasiokuwa na mali ya kwenda nayo kwa mume. Anayekijua chama cha kufa na kuzikana mtaani kwake ameielewa scuola nusu nzima. Vilivyokuwa vikubwa vilijenga kumbi kama ile. Cha San Marco kilikuwa na jengo la fahari ambalo leo ndilo mlango wa hospitali ya mji.

Jina lilifikaje huko? Kumbuka ile hatua ya "kundi la watu wanaokutana". Kilatini kiliishika sana maana hiyo. Schola ilikuwa ukumbi wa chama cha mafundi, hata benchi la nusu duara ambapo watu walikaa wakizungumza kwenye bafu za umma. Askari wa kulinda makazi ya makaisari wa mwisho waliitwa scholae. Waimbaji wa kanisa Rumi walikuwa schola cantorum. Hakuna kati yao aliyekuwa akifundishwa kusoma herufi kwa lazima. Walikuwa kundi tu, lenye mahali pake.

Ungetembea mbele kidogo, hadi mtaa wa zamani wa Wayahudi katika mji ule ule, ungekuta sinagogi linaitwa Scola Grande Tedesca, la mwaka 1528. Wayahudi wanaosema Kiyidi, lugha iliyokua ndani ya Kijerumani, nao huliita sinagogi shul. Sikiliza: shul, Schule, shule. Mzee wa Kiyahudi anayekwenda kusali na mtoto wa Muheza mwenye kidumu chake wanatamka karibu neno moja.

Ninaendesha shule ya awali, Arusha. Wazazi wananilaumu kwamba watoto wanacheza tu, hawasomi. Nimechoka kueleza. Kuna chochote katika historia ya haya maneno kinachoweza kunisaidia?

Kipo, mwalimu. Kabla schola haijashika Rumi, na hata baadaye, Warumi waliita shule ya watoto wadogo ludus. Na ludus ni mchezo. Hawakuwa na neno la mchezo na jingine la shule ya mwanzo: lilikuwa moja. Walipotaka kubainisha walisema ludus wa herufi, ludus litterarum.

Sikuambii kwamba mwalimu wa Kirumi alikuwa mpole. Fimbo ilikuwepo, na ludus hiyo hiyo ilikuwa jina la kambi ya kufunzia wapiganaji wa uwanjani. Iliyokuwa kubwa kuliko zote, Ludus Magnus, magofu yake bado yapo hatua chache kutoka Koloseo, ule uwanja mkubwa wa kale wa Rumi. Lakini ndani ya neno lao wamehifadhi kitu ambacho kila mlezi anakijua: mwili wa mtoto hujifunza kwa kurudia, na mtoto harudii kwa hiari isipokuwa kile kinachochezeka. Anayehesabu vizibo vya soda akivipanga kwenye mchanga anafanya hesabu. Waonyeshe wazazi vizibo vyenyewe, waache wahesabu naye. Nadhani hilo litasaidia kuliko Kilatini changu.

Tunaishi Ujerumani. Binti yetu alipoanza darasa la kwanza tulimnunulia Schultüte yake, na sasa amechaguliwa kuingia "Gymnasium". Nyumbani Tanga wamesikia "jimu", wanadhani anafundishwa kunyanyua vyuma. Nawaelezaje?

Mpe hongera zangu. Kwa wasomaji wengine: Schultüte ni ule mfuko mrefu wa karatasi wenye umbo la pia, karibu urefu wa mtoto mwenyewe, unaojazwa peremende na kalamu ili siku ya kwanza ya shule iwe tamu. Desturi hiyo ilianzia Saxony na Thuringia, karne ya 19.

Gymnasium nayo ni ya Kigiriki, kutoka gymnos, uchi, kwa sababu wanaume walifanya mazoezi bila nguo. Uwanja wa mazoezi uliitwa gymnasion, nao ulikuwa na vivuli, miti na mahali pa kukaa. Wenye nafasi walishinda huko, na penye watu waliokaa kivulini hapakosi mazungumzo. Plato alifundisha karibu na uwanja wa namna hiyo nje kidogo ya Athens, mahali palipoitwa Akademia, kuanzia mnamo mwaka 387 kabla ya Kristo. Aristotle akafungua kwake Lykeion, uwanja mwingine, mnamo mwaka 335. Majina matatu hayo Ulaya imeyagawana: Mjerumani ameita sekondari yake Gymnasium, Mfaransa ameiita lycée, na akademia kila mtu ameichukua. Mwingereza yeye ameibakiza gymnasium kwenye vyuma na kamba. Waambie Tanga binti yao anasoma mahali ambapo jina linakumbuka mwili na akili vilipokuwa vinakaa uwanja mmoja.

Swali langu ni fupi. Wagiriki wenyewe leo wanasemaje?

Shule ni skholio. Kitivo cha chuo kikuu au chuo cha ufundi ni skholi, na mkazo uko mwisho. Ukiupeleka mkazo mwanzoni, skholi inakuwa sikukuu, siku ya kutokwenda kazini. Aliyezidiwa na shughuli wanamwita apaskholimenos, na ukilitazama vizuri utaiona askholia ya zamani imelala ndani.

Na kuna kitenzi skholao, ambacho nakipenda kuliko yote. Maana yake ni kutoka: kumaliza zamu, kumaliza vipindi, kuachiwa. Mke humuuliza mumewe kwa simu, "Unaskholao saa ngapi?" Mpishi, dereva, muuza duka, wote hukitumia. Na mchana, kengele ya mwisho ikilia katika shule yoyote ya Athens, watoto wanamiminika getini na mikoba yao mgongoni wakipiga kelele kwa mzizi ule ule uliolipa jengo nyuma yao jina lake: "Skholasame!" Tumetoka!